Namba 417, Kundi la Wazima

Asubuhi hiyo Bi Sindano alikuwa amekwisha kunawa mikono mara nne kabla ya kugusa kichupa chochote. Jina la Sindano alipewa na wenzake wa maabara, kwa kuwa alijua kutoa damu pasipo mtu kukunja uso, naye alilizoea hata akawa analiitikia. Majokofu yalivuma ukutani kwa sauti ile ile ya kila siku. Karatasi ya kuandikia ubaridi wa kila jokofu ilikuwa imejazwa, na hapakuwa na kazi yoyote ya kumwinua kitini. Hata hivyo hakutulia. Aliketi, akainuka, akahesabu boksi za glavu alizozihesabu jana, akarudi kuketi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ilikuwa siku ya kuhakiki sampuli zote za utafiti, na ndani ya majokofu yale kulikuwa na kichupa kimoja alichotamani kisingekuwapo.

Bwana Takwimu aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mzaha mkavu, na kazi yake ilikuwa kuzipanga na kuzichunguza namba zote zilizotoka maabara.

"Una dakika moja, Bi Sindano, au unakwenda kunawa tena?"

"Sema."

"Unakumbuka tulivyochukua vinasaba vya wafanyakazi wote, ili damu ya mmoja wetu ikidondokea kwenye kichupa cha watu tuitambue?"

"Nakumbuka. Damu nilitoa mimi, na wewe ndiye uliyefumba macho."

"Nilikuwa naomba dua." Akaiweka karatasi mezani. "Basi kichupa namba 417, kundi la wazima, kina nusu yako."

Bi Sindano aliitazama karatasi bila kuisoma.

"Mwanzoni nilidhani ni uchafu," akaendelea Bwana Takwimu. "Lakini uchafu hutapakaa ovyo. Hii imekaa kwa mafungu: hapa mnafanana kabisa, hapa nusu, hapa hamjuani. Huyu ni mtoto wa baba yako na mama yako. Nimesikia kwamba damu ni nzito kuliko maji, ila hii imeielemea hata kompyuta yangu." Alipoona mzaha haukupata mpokeaji, alishusha sauti. "Jina sikuulizi, sina haki nalo. Lakini orodha inafungwa Alhamisi, na Profesa lazima ajue. Heri asikie kutoka kwako."

"Alama zake za hatari ya urithi zikoje?"

"Swali hilo hata wewe unajua jibu lake. Alama za mtu mmoja ni wingu moja, halikuambii kama mvua itanyesha. Mimi nahesabu mawingu elfu tisa."

Alijua, kweli. Kwa miaka minne alikuwa akiwaeleza watu wa kila aina, kwa maneno yale yale, kwamba utafiti ule ulitaka kufahamu kwa nini sonona na maradhi ya moyo hupenda kuandamana katika ukoo mmoja. Aliwaeleza kuwa hakuna jeni moja la sonona ambalo mtu angeweza kulinyooshea kidole. Kuna tofauti ndogo ndogo maelfu, kila moja nyepesi kama kapi la nafaka, na baadhi ya zile zinazomvuta mtu upande wa sonona humvuta pia upande wa moyo. Tena mwenye sonona halali, hatembei, dawa za presha anaziona mzigo. Kwa hiyo nyuzi zimesokotana, na kazi ya utafiti ni kuzichambua moja moja. Watu walikuwa wakitikisa kichwa kwa heshima, kisha wakiuliza kama chai ipo.

Namba 417 alikuwa kaka yake.

Ilikuwa Ijumaa, miezi minne nyuma. Kundi la wazima lilikuwa limepungukiwa wanaume waliopita miaka arobaini, na mwezi ulikuwa ukingoni. Kaka yake alipita kumletea funguo za nyumba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ukoo mzima ulimwita Chuma tangu utotoni kwa sababu hakuwahi kulala kitandani mchana. Bi Sindano akamketisha, akamfungulia dodoso. Lilikuwa na maswali arobaini, lakini mawili ya kwanza yalikuwa mlango: je, umewahi kuwa na wiki mbili au zaidi za huzuni karibu kila siku? Je, umewahi kupoteza hamu ya mambo unayoyapenda kwa muda kama huo? Anayejibu hapana kwa yote mawili huandikwa mzima, na maswali thelathini na manane yanayobaki hurukwa.

"Huzuni ni ya watu wenye nafasi, mdogo wangu," Chuma alisema huku akicheka. "Andika hapana. Andika mbili, moja ya akiba."

Akaandika. Katika mafunzo walifundishwa kanuni moja ambayo kila mhoji aliijua kwa moyo: andika alichojibu, si unachokijua. Naye akajificha nyuma ya kanuni hiyo, kwa maana alikuwa anakijua alichokijua. Wiki moja kabla alipita karakana saa tano asubuhi, akamkuta kaka yake amekaa kwenye kigoda, uso umefunikwa na kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, na kijiti cha kuchomelea mkononi. Alidhani yuko kazini. Kisha akaona waya wa mashine umeviringishwa sakafuni. Mtu yule alikuwa amejifunika uso ili wapita njia wamwone anafanya kazi. Bi Sindano alirudi nyuma kwa hatua za paka, na hakumwambia mtu.

Swali jingine, lililouliza kama mshiriki ana undugu na mfanyakazi yeyote, nalo aliliwekea hapana. Kisha akampima presha, akaona mia moja sitini na nane juu ya mia moja na nne. Akamsukuma hadi hospitali, akapewa vidonge. Akajiambia kwamba deni la undugu limelipwa. Lakini jana wifi yake alimpigia simu. "Wifi, vile vidonge vyake viko kabatini, boksi tatu hazijafunguliwa. Nikimuuliza ananiambia, 'Kesho.' Kesho hiyo mimi siioni."

Baba yao naye alisema kesho. Aliacha kuzungumza, akaacha kula, akawa anakaa upande mmoja wa kitanda akitazama viatu vyake. Na alipoanguka akafa, ukoo ukasema ni moyo. Ulikuwa moyo. Hakuna aliyeuliza ile miezi minane iliyotangulia iliitwaje.

Profesa alikuwa mama mtaratibu ambaye husafisha miwani kila anaposikiliza jambo zito. Aliisafisha mpaka Bi Sindano alipomaliza kumweleza.

"Sampuli tutaiondoa," alisema. "Na wewe utakaa kando na mahojiano kwa muda. Barua utaipata. Hilo nalisema kwa cheo changu."

"Naelewa, Profesa."

"Na majibu yake, ni ya kweli?"

"Niliandika alichojibu."

"Sikuuliza hivyo, mwanangu."

Ukutani nyuma ya kiti cha Profesa palikuwa na bango la kampeni ya afya: Mficha maradhi kifo humuumbua. Bi Sindano alikuwa amelibandika kwa mikono yake mwenyewe, na plasta ya kona moja ilikuwa imeachia.

"Si ya kweli," akasema.

Profesa akavaa miwani. "Basi unafanya nini hapa?"

Bi Sindano alitembea kwa kasi, karibu akimbie, na njiani aligundua kwamba bado amevaa koti la maabara. Hakulivua. Saa nane mchana alifika karakana. Mageti mawili yasiyomalizika yaliegemea ukuta, kutu ikiwa imeanza kuyala. Chuma alikuwa kwenye kigoda, kofia usoni. Waya ulikuwa sakafuni.

"Kaka."

"Nina kazi."

"Mashine haijachomekwa."

Sauti ikatoka nyuma ya kioo cheusi. "Umekuja na koti. Nani amekufa?"

"Hakuna. Vua kofia nikuone."

Aliivua taratibu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Bi Sindano alishindwa kusimama mahali pamoja. Aliokota bawaba, akairudisha, akahamisha debe la misumari kutoka hapa hadi pale, na huku akihangaika hivyo akamweleza yote: kichupa, Bwana Takwimu na alama zake za urithi, Profesa, boksi za kabatini.

"Kwa hiyo mmenifukuza kwenye wazima," Chuma alisema. "Hata huko sikudumu."

"Nilikuandika uongo. Nilikuona siku ile, kaka, na bado nikaandika."

"Hukukosea kitu. Si nilikwambia hapana?" Akajikuna kidevu. "Ila umesema jambo moja. Kumbe ni la urithi. Baba alipita njia hiyo, nami nimeipata. Basi imekwisha. Nyie mnahangaikia nini?"

Hapo Bi Sindano akaacha kutembea. Hofu yake yote ya siku nyingi ilikuwa imekaa katika sentensi ile, na aliona kwamba elimu yake yenyewe ndiyo iliyompa kaka yake kamba ya kujifungia. Angeweza kumfafanulia makapi na mawingu mpaka jua lizame, asimfikie. Akaingiza mkono katika mkoba, akatoa kiboksi alichokuwa akikifungulia stoo kila asubuhi huku bomba likitiririka, ili wenzake wasisikie. Akamwekea mkononi.

"Za presha?" Chuma aliuliza.

"Za sonona. Zangu. Mwaka wa tatu huu."

Alikigeuza kiboksi, akakisoma kila upande kama mtu anayekagua uzito wa bati. "Si ulisema ni vitamini? Ulimwambia hata mama mdogo."

"Nilimdanganya."

"Ukoo wa waongo huu," Chuma akasema, na pembe moja ya mdomo wake ikainuka kidogo. "Na wewe umepata nusu ya baba?"

"Kama wewe. Nusu ipi, hakuna ajuaye. Baba hakupata wa kumuuliza, kaka. Mimi niliulizwa na daktari mmoja mkorofi aliyekataa kuandika hapana yangu."

"Zinafanya nini?"

"Haziondoi kila kitu. Zile za kwanza zilinikataa, nikabadilishiwa. Lakini nalala. Naamka nikitaka chai."

"Nikitaka chai," akarudia polepole, kama jina la mtu waliyesoma naye zamani. Akaiweka kofia sakafuni. "Lile dodoso lako lina maswali arobaini. Mimi uliniuliza mawili."

"Ulijibu hapana. Yanayobaki yanarukwa."

"La tatu linasemaje?"

Alilijua kwa moyo. Akavuta debe la misumari, akaketi juu yake, akamuuliza la usingizi. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, ukarudi mtupu.

"Saa tisa za usiku," Chuma akajibu. "Kila siku. Naamka kama mtu aliyeitwa, halafu hakuna aliyeniita."

Akauliza la nne, la chakula. La tano, la uzito wa mwili. Chuma hakutaja huzuni hata mara moja. Alitaja mabega, kifua kilichojaa kama gunia lililolowa, mikono isiyotaka kushika chuma. Na Bi Sindano aliona namna mtu anavyoweza kupita mbele ya mlango ule wa maswali mawili miaka yote bila kuingia. Walikuwa kwenye la saba mteja alipoita kutoka barabarani.

"Fundi! Geti langu litatoka lini? Mwezi wa tatu huu."

"Wiki ijayo," Chuma akajibu bila kuinuka. "Nina mgonjwa hapa, leo nafunga."

"Pole. Nani anaumwa?"

Chuma aliitazama kofia pale sakafuni, kisha akamtazama dada yake ndani ya koti lake jeupe lenye doa la kutu.

"Mimi," akasema.

Mteja alisimama kidogo, akasema pole ya pili, ya taratibu zaidi ya ile ya kwanza, akaenda zake. Kliniki ilikuwa ikifungwa saa kumi. Bi Sindano akainuka kutafuta kandambili za kaka yake chini ya meza.