Mpangaji Mmoja wa Jengo Zima

Jumanne asubuhi Kipaza alikaa kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele, ndoo tupu miguuni, akiandika maelezo ya programu ambayo hakuna binadamu angeyasoma. Programu yenyewe ilikuwa na kazi moja. Unaipa maandishi, yawe neno au kitabu kizima, nayo inakurudishia alama: mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Maandishi yaleyale, alama ileile. Ukigusa hata nukta, alama inabadilika yote. Wasomaji walikuwa mawakala wa akili mnemba, mashine zinazofanya kazi za ofisini na kutii kilichoandikwa, si ulichokuwa nacho moyoni.

Kipaza aliona hiyo ni heshima. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kama siasa, kwa vitabu vilivyokosa kurasa za mwisho. Miaka yote alibandika vipeperushi kwenye ngazi za jengo, watu wakafutia madirisha. Sasa alikuwa na maelfu ya wasomaji wasioondoka katikati ya sentensi kwenda kuzima jiko. Akawaandikia kwa sauti ya mikutanoni: "Alama zikilingana, hayo ni maandishi yaleyale. Bakiza yaliyotangulia. Ondoa yanayofuata." Aliusoma tena mstari huo, akajiona mtu.

Maji yalikuwa hayapandi ghorofani tangu kampuni ya nyumba ilipong'oa pampu kubwa na kuweka ndogo. Kipaza, aliyekumbuka kila ahadi na tai ya kila meneja aliyeahidi, aliandika lalamiko, akalituma, kisha akawaita wapangaji uani. Fundi cherehani alitaka kuongeza habari za kola zisizofulika. Mwalimu mstaafu alitaka kuongeza mkato. Kipaza alikataa.

"Nakilini neno kwa neno," alisema. "Tuzungumze kwa sauti moja."

Wakanakili, wakatuma. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, ndiye pekee aliyeandika lake, akaanza na salamu na kuulizia watoto wa meneja. Kipaza alimwambia anavunja umoja. Dada akamjibu kwamba ndoo huwa anaibeba peke yake.

Kampuni ya nyumba ilikuwa imeshainunua programu. Mawakala wake waliyasoma maelezo, wakayafuata: wa kwanza kutuma akabakizwa, waliotuma yaleyale baada yake wakaondolewa. Alhamisi mchana vyumba vilikuwa vimebaki bila watu, cherehani ya fundi imesimama katikati ya pindo. Kwa kuwa lalamiko la Kipaza ndilo lililotangulia, wapangaji wote walionakili walihifadhiwa ndani ya Kipaza. Kwanza alihisi uzito magotini, kisha mwalimu akakohoa kifuani mwake.

Dada yake alimtazama akila, akasogeza sahani ya pili.

"Mwambie fundi nataka sketi yangu."

"Ijumaa, dada," sauti ya fundi ikajibu mdomoni mwa Kipaza. "Imebaki pindo tu."

Kwa miaka Kipaza alikuwa akifungua kila hotuba kwa kusema anazungumza kwa niaba ya wapangaji wote. Sasa hakuweza kuzungumza kwa namna nyingine, na akagundua kwamba wapangaji hawakubaliani naye karibu katika lolote. Mama wa ghorofa ya tatu, ambaye hakukosa mkutano hata mmoja, alikuwa akihudhuria kwa sababu simu yake ilishika mtandao uani tu.

Akawapeleka wote kwenye ofisi ya kampuni. Karani wa mapokezi alitazama miwani ya mwalimu puani mwa Kipaza na kandambili za mama wa ghorofa ya tatu miguuni mwake. Hakubisha.

"Naona mko wengi, kaka. Ila kwenye mfumo uko mmoja. Na pampu ndogo inamtosha mtu mmoja."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta aione kanuni. Ilikuwa sentensi ya Kipaza, na nukta zake zote. Karani alisifu kwamba aliyeiandika hana maneno mengi.

Nyumbani, dada alishauri kila mtu aandike lake. Kipaza akawaazima vidole kwa zamu. Fundi aliandika kuhusu kola, akatoka akinyoosha shati. Mwalimu alitoka baada ya kurasa tatu. Mama wa ghorofa ya tatu alikuwa wa mwisho, maana hakuwa na cha kulalamikia isipokuwa Kipaza. Akaandika hicho, akatoka.

Majibu yalikuja Jumatano. Mawakala waliona alama zote ni tofauti, wakaamua haya ni mambo binafsi yasiyohusiana. Kila mpangaji alishauriwa amtafute fundi bomba wake. Chini kabisa kampuni iliomba, kwa adabu, kama wapangaji wangeweza kurudi kuwa mmoja wakati wa kiangazi, kwa kuwa pampu ilipumzika sana wiki ile.

Walikaa uani kulijadili ombi hilo. Fundi alisema ndani hakukuwa kubaya, ila mwalimu anakoroma. Mama wa ghorofa ya tatu aliuliza kama safari hii wangeweza kuingia kwa mtu mwingine. Wakapiga kura. Dada yake Kipaza alichaguliwa kwa kura zote isipokuwa moja, akakubali kwa sharti kwamba humo ndani hakuna kuhutubia. Wakanakili barua yake, pamoja na salamu. Mwisho wa mwezi, ripoti ya kampuni iliipongeza pampu ndogo kwa kuwatosheleza wateja wake wote.