Mlio wa Jenereta Nyuma ya Mahubiri

Mchungaji alikuwa anatudanganya. Kila Jumapili saa nne asubuhi alitokea kwenye simu na kutuambia yuko madhabahuni, peke yake, na kwamba analala humo humo kanisani akilinda zizi mpaka ugonjwa upite. Hakuwa kanisani. Aliyegundua ni mimi, na niligundua kwa masikio.

Kazi yangu ni kutengeneza jenereta. Jumapili hiyo umeme ulikatika kabla ya ibada. Nilijua na kanisani haupo, maana kanisa na karakana yangu viko laini moja. Jenereta ya kanisa nilikuwa nayo mimi, kabureta yake iko mezani vipande vipande, tangu wiki ile serikali ilipofunga nyumba za ibada. Mke wangu akaegemeza simu kwenye kopo la sukari kama kawaida, na mchungaji akatokea anang'aa, taa mbili usoni.

"Bwana asifiwe," akasema mchungaji.

"Amina," mke wangu akaijibu simu.

"Hizo taa zinawaka kwa nini?" nikauliza.

"Kwa neema. Kaa chini, unaziba."

Niseme kidogo jinsi ibada zile zilivyokuwa. Mwanzoni kila mtu aliacha sauti yake wazi, mpaka siku mzee mmoja wa kanisa aliposikika na ushirika mzima akimwambia mkewe, "Huyu leo hamalizi, lete chai." Tangu hapo sisi wote tulizimwa, ikabaki sauti ya mchungaji tu. Kwa hiyo chochote kilichosikika kilitoka chumbani kwake.

Nikasikia injini. Ilikuwa mbali, nyuma ya maneno yake. Ilikwenda vizuri, halafu ikakohoa, ikaenda tena, ikakohoa, kama mtu mzima anayetaka kuomba kitu anaona haya. Nikasimama. Kikohozi kile nilikifahamu. Bomba lake la moshi lilitoboka nikaliziba mwenyewe kwa bati la kopo la rangi, na tangu siku hiyo mashine ile inakohoa hivyo. Hakuna nyingine. Na mashine ile niliisukuma kwa toroli, kwa mikono yangu, mpaka nyumbani kwa shemeji yangu, mjane wa kaka.

Shemeji ni muuguzi. Tangu kaka afariki alibaki peke yake kwenye ile nyumba, mitaa mitatu kutoka kwetu. Mke wa mchungaji alikuwa amekwenda kumwangalia mama yake, barabara zikafungwa akiwa huko huko. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyemaliza shule.

"Yuko kwa shemeji," nikasema.

"Nani?"

"Huyo unayemwitikia amina."

Mke wangu aliniangalia kama naota. Nikamwonyesha mambo mengine ambayo sasa yalikuwa wazi. Zamani mchungaji alihubiri saa nzima akitembea huku na huku; siku hizi anakaa kwenye kiti, dakika ishirini amemaliza, zinazobaki anatuwekea kwaya iliyorekodiwa. Kila sentensi mbili anakunywa maji. Macho hayatulii.

"Dhamiri inamkaba," nikasema.

"Amechoka, baba watoto. Huoni alivyokonda?"

"Atakondaje na yeye anapikiwa?"

Kesho yake nikaenda kwa shemeji. Nyumba ile mimi huingia bila kubisha hodi. Nilipandisha matofali yake pamoja na kaka. Safari hii mlango ulifunguka upana wa kiganja. Shemeji alikuwa na barakoa, macho mekundu.

"Shemeji, usiingie. Nimetoka zamu, kutwa niko na wagonjwa."

"Hata maji ya kunywa?"

"Hata maji."

Juu ya kamba, pembeni ya ua, zilianikwa shuka tatu na mashati mawili ya kiume. Nguo za kaka nilizigawa mwenyewe baada ya mazishi.

"Yale mashati ya nani?"

Akageuka kuyatazama, kama naye anayaona kwa mara ya kwanza.

"Nenda nyumbani, shemeji. Nitakueleza siku nyingine."

Akafunga. Nilisikia komeo. Nilibaki nimesimama pale kama mdai, mlangoni pa kaka yangu mwenyewe, na niseme kweli, kilichonichoma zaidi si dhambi. Nilichomwa na kuona kwamba mtaa ukijua, watauliza: ndugu wa marehemu alikuwa wapi?

Nikaenda kwa Randa. Alikuwa seremala, ndiyo maana tukamwita jina la chombo chake cha kulainishia mbao, na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na rafiki yangu tangu tukiwa tunaiba miwa. Nilimkuta akipiga msasa mlango, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Nikamwambia yote, kuanzia taa mpaka mashati.

"Una uhakika na huo mlio?" akauliza.

"Kama wewe unavyojua mbao kwa kunusa."

"Masikio yako hayo siku moja yaliniambia mke wangu ananiita, kumbe mbuzi."

"Huyo mbuzi sikumziba bati mimi."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaweka msasa chini.

"Tumpigie simu kwanza. Tumuulize kiume."

"Ukimpigia mwizi simu, unamuaga. Atarudi kanisani kesho, na sisi tutaonekana wambea."

"Sasa unatakaje?"

"Jumapili. Akiwa hewani. Akishatamka tu kwamba yuko madhabahuni, tunafungua mlango. Hapo atakana nini?"

Randa alijikuna shingo. Hakupenda. Alisema mchungaji ndiye aliyemzikia mama yake, na kwamba mtu hamvui mwenzake nguo sokoni. Nikamwambia yeye ni mwenyekiti, na mwenyekiti anayeogopa kuona aachie kiti. Hilo lilimwingia. Wazo lilikuwa langu, si lake. Nataka lieleweke hivyo.

Jumapili ikafika. Mke wangu alikuwa anafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga.

"Mkienda huko, mimi simo," akasema.

"Ni nyumba ya kaka yangu."

"Ni nyumba ya mjane. Na hata kama yupo huko, si atamalizana na Mungu wake? Wewe ni nani, mkaguzi wa Mungu?"

Nilivaa barakoa, nikatoka.

Geti halikufungwa. Shemeji alikuwa jikoni, tulisikia sufuria. Tukapita ubavuni mwa nyumba mpaka stoo ya nyuma, ambako kaka alikuwa anaweka zana zake. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Sauti ikatoka ndani, ile ile: "...nami niko hapa, wapendwa, mbele ya madhabahu yenu, siondoki..."

Nikamtazama Randa. Umemsikia?

Randa akasukuma mlango. Chini ulizibwa kwa taulo bichi, ukagoma kidogo, akautia bega.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Simu ilisimamishwa juu ya makopo ya rangi yaliyopangwa. Taa mbili. Ukutani pazia la zambarau la kanisa, limegongewa misumari, na msalaba wa mbao juu yake. Mchungaji amekaa kwenye kiti, juu koti na tai, chini amejifunga shuka.

Randa alishusha barakoa kidevuni ili asikike, akaingia mbele ya simu.

"Waambie uko wapi! Waambie watu uko kwa nani!"

Akalishika pazia, akalivuta. Msalaba ukaanguka. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, beseni, mtungi mrefu wa oksijeni wenye mpira, na meza iliyojaa dawa. Watu wote waliokuwa kwenye simu zao waliona vitu hivyo pamoja nasi.

"Tokeni," mchungaji akasema. "Tokeni, ndugu zangu, tafa..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika, akainuka, magoti yakamwacha. Randa akamdaka. Nani angeacha mtu aanguke? Alimkumbatia kifuani, uso kwa uso, akimwambia, "Pole, baba, pole, kaa," na mchungaji anakohoa begani kwake, na barakoa iko kidevuni.

Mimi nilikuwa nafanya nini wakati huo? Nilikuwa nimeinama, naangalia chini ya kitanda kama kuna viatu vya kike.

Shemeji akaingia mbio, glavu mikononi, kioo cha plastiki usoni. "Nje! Tokeni ninyi!" Alimtoa Randa kwa kumsukuma. Alimlaza mgonjwa, akamwekea mpira puani, akafungua mtungi, na ndipo akakumbuka simu, akaipindua kifudifudi.

Alitukuta uani. Alisimama mbali nasi, hatua kama sita.

"Siku kumi na tisa," akasema. "Nilimkuta sakafuni kanisani, hajala siku mbili. Hospitali kwetu watu wanalala korido. Nikamleta hapa. Akaniapisha nisiseme. Anasema watu wakijua mchungaji ameanguka, nao wataanguka."

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe siri inakaa kwako kuliko chai mdomoni?"

"Uliniacha mlangoni, shemeji. Mimi."

"Nilikuacha mlangoni usije ukafa, mpumbavu wewe!"

Randa alikuwa anajifuta shingo kwa kiganja, polepole, anakitazama kile kiganja. "Nikanawe wapi?" akauliza. Shemeji akamwonyesha bomba, akamletea sabuni, akamwambia anawe mpaka kwenye viwiko, aende nyumbani, ajifungie chumba cha peke yake siku kumi na nne.

Simu yangu ikalia. Mke wangu.

"Nimeona," akasema. "Kanisa zima tumeona. Usije hapa. Lala karakana."

Nililala karakana siku tatu. Siku ya nne nikajiona mzima kama kigingi, nikasema mambo mengine ni woga wa wauguzi, nikarudi kitandani kwangu. Mke wangu alikataa, kisha akachoka kukataa.

Watu wananiuliza kama nilikosea. Mlio sikukosea. Mchungaji alikuwa kwa shemeji, na alikuwa anatudanganya. Hilo hata yeye alikiri alipopona, akaomba radhi kwa simu ile ile, akaomba ahamishwe, akahamishwa. Sikukosea neno hata moja la nilichomwambia Randa. Ndilo linalonikosesha raha, kwamba hakuna hata mahali pa kusema nilisikia vibaya.

Randa alianza homa siku ya tano, akafa siku ya kumi na tatu. Walituruhusu watu kumi makaburini. Walioshika kamba za jeneza walikuwa wanne, wamevaa nguo nyeupe mpaka kichwani, hakuna hata mmoja aliyemjua. Ameacha mjane na watoto watano, na wote wanajua nani alimfuata kwenye useremala wake siku ile.

Mke wangu alikaa hospitali siku kumi na moja, tisa kati ya hizo kwenye oksijeni. Amerudi. Akipanda ngazi za kanisa anapumzika mara mbili, na ngazi ni saba.

Shemeji alifukuzwa kazi kwa kutoa mtungi hospitali bila kibali. Waliuona kwenye simu kama tulivyouona sisi. Miaka kumi na nane ya kazi. Alihama bila kuniaga, na namba yake haipatikani.

Mimi niliumwa kichwa siku mbili.

Ushirika tulikuwa mia moja arobaini na wawili. Nyumba za ibada zilipofunguliwa, nilisimama mlangoni nikahesabu waliokuwa bado na moyo wa kuja. Walikuwa hamsini na tisa.