Ramani Isiyo na Mlima

Usiku wa kuamkia leo niliota pikipiki yangu imekataa kupanda mlima, kwa maelezo kwamba mlima haupo.

Mimi ni mkunga huku Makete, nawafuata wajawazito vijijini kwa pikipiki. Wiki iliyopita nilibadilisha bomba la moshi, na muuzaji akaiwekea kompyuta ya injini ramani iliyokuja tayari, ile inayoiambia injini inywe mafuta kiasi gani na wakati gani.

"Ramani inaonyesha tambarare," injini ikaniambia. "Na upepo wa pwani."

"Tupo mlimani. Tulizo ana uchungu tangu asubuhi."

"Simwoni kwenye ramani."

Niligeuka nilalamike, nikajikuta ofisini. Karani alikuwa muhuri mkubwa wa mpira, amevaa tai.

"Ramani hii ni ya mtu wa kawaida," alisema. "Kilo sabini na tano, anakaa karibu na bahari, hana haraka."

"Mimi nina kilo hamsini na nne, na nina haraka."

"Basi nenepa," akasema, akajigonga juu ya jalada langu. Nikanenepa. Haikusaidia.

Nyuma ya kabati la majalada palikuwa na karakana ya fundi Luvanda. Namfahamu, ila hapa alikuwa na masikio manne. Akaipandisha pikipiki, tairi la nyuma likakaa juu ya rola la chuma, la mbele akalifunga kwa mikanda.

"Ramani ya dukani tumeifuta," akasema. "Tunachora yako. Panda, vuta mafuta."

Navuta. Tairi linazunguka juu ya rola, sisi hatuendi popote. Nje ya dirisha, mlima unaanza kuja. Yanapita mashamba ya ngano, halafu misonobari, halafu ukungu.

"Hapa umelegeza mkono," anasema Luvanda. "Kwa nini?"

"Ni kona ya korongo."

"Nimeuliza kwa nini. Siwezi kuchora nikiacha tundu."

Nikamwambia. Mwaka juzi pikipiki ilizimika pale pale, nikamalizia kwa miguu, nikakuta mtoto ameshafariki. Mama yake ni huyu huyu Tulizo. Tangu siku hiyo nikifika pale mkono unalegea wenyewe, na sijawahi kumwambia mtu.

Luvanda akaandika: *Mizunguko ya injini elfu nne na mia mbili kwa dakika. Hofu.* Akaongeza mafuta kidogo hapo.

"Vuta tena."

Navuta. Injini inakohoa mara moja, inaomba radhi, inapanda. Kitanda cha Tulizo kinaingia mlangoni, yeye juu yake, mama mkwe wake akikisukuma.

"Nesi, umefika," anasema Tulizo.

"Ninyi ndio mmefika."

"Hayo mtabishana baadaye," anasema mama mkwe. "Nawa mikono."

Nikanawa. Akazaliwa mtoto wa kike. Akalia kwa mizunguko elfu moja na mia tatu kwa dakika, na Luvanda akasema kwa injini mpya hiyo ni sawa kabisa. Tulizo akanishika mkono.

Nikaamka kumekucha. Mume wangu, Sanga, alikuwa uani, amechuchumaa kando ya pikipiki.

"Mama Atu," akaniita. "Tairi la mbele lina matope ya juzi. La nyuma limesuguliwa mpaka linang'aa. Umeosha moja tu?"

Nikatoka kuangalia. Ilikuwa kweli.

"La mbele halikusafiri," nikamwambia, nikaenda kuchemsha chai.