Sauti ya Nne Inaingia Darajani

1.

TANGAZO

KWA: Wanafunzi wote, darasa la nne hadi la saba
SHULE YA MSINGI KASANGILO

Kuanzia muhula huu kila somo litakuwa na mwalimu wake. Mwalimu wa Hisabati atafundisha Hisabati tu. Mwalimu wa Sayansi, Sayansi tu. Mwanafunzi asimsumbue mwalimu wa Kiswahili kwa maswali ya mmeng'enyo wa chakula.

Muziki: Jumatano, kipindi cha mwisho. Mwalimu Lugano.

Utaratibu huu ni wa majaribio.

Mwalimu Mkuu


2.

Foleni ya uji.

— Kwa hiyo Mwalimu Lugano hatufundishi tena sehemu?

— Hatufundishi.

— Afadhali!

— Gwe, wewe! Atakusikia.

— Si kweli? Alikuwa anaandika nusu, anafuta, anaandika tena, anafuta, mpaka nusu yenyewe inaona aibu.

— Sasa atafundisha nini?

— Kuimba.

— Kuimba nako kunafundishwa?

— Wewe kunakuhusu. Juzi kwenye paredi umeimba kama mlango.

— Dada Tuse, msikie huyu!

Nimemsikia. Leta kikombe.


3.

Dada Tuse ndiye mimi, Tusekile. Napika uji hapa. Nilimaliza la saba hapa hapa, nikatoka kwa geti la mbele na nikarudi kwa mlango wa jiko, na sina kinyongo, maana jiko ndilo lenye dirisha zuri kuliko yote.

Njoo usimame hapa, msomaji. Hapana, huko moshi unakuja. Hapa.

Unaona uwanja. Unaona madarasa. Unaona barabara ya udongo inayotoka getini, inapita kibao cha zahanati, inakata kona kwenye mashine ya kusaga, inashuka mpaka darajani, halafu inapanda kwenye mashamba ya chai hadi ukungu uimeze. Asubuhi shule nzima inakimbia hiyo barabara kwa nyimbo. Mchakamchaka. Ukiwa umesoma nchi hii miguu yako inajua ninachosema.

Yule wa mbele kabisa, mwembamba, anayekimbia kama anadaiwa jibu, ni mdogo wangu Anyosisye. Yuko la sita. Wenzake wanamwita Nyosi. Yeye ndiye kiranja wa nyimbo.


4.

Ofisi ya walimu. Nimepeleka chai, mlango haujafungwa vizuri.

MWALIMU MWAMBENE (Hisabati, na Taaluma): Mkuu, mimi sina ugomvi na mtu. Nina la saba wanaoingia kwenye mtihani. Kipindi cha Jumatano nipewe mimi.

MWALIMU MKUU: Kile ni cha muziki.

MWAMBENE: Muziki hauna mtihani.

MWALIMU LUGANO: Una mashindano. Ya kata. Mwezi ujao.

MWAMBENE: Mwenzangu, umewahi kushinda?

LUGANO: Nimewahi kupewa kipindi?

(Kijiko kinazunguka kwenye kikombe. Kinazunguka. Kimesimama.)

MKUU: Sikilizeni. Kata inapeleka kwaya mbili wilayani. Kasangilo ikiwa mojawapo, muziki unabaki na Lugano anabaki nao. Ikikosa, Jumatano inakwenda Hisabati, na wewe Lugano unarudi la tatu, masomo yote.

LUGANO: Na sehemu?

MKUU: La tatu nao wana sehemu.

Lugano hakunywa ile chai. Niliirudisha imejaa.


5.

(Mwalimu Lugano anasema mwenyewe)

Mimi ni mwalimu mbaya. Niliwahi kuwa. Unaingia darasani na kitabu mkononi, unaona macho yao yanakuamini, na wewe unajua ukurasa unaofuata huujui. Watoto hawasemi. Wanakuonea huruma. Hiyo ndiyo

Lakini nipe watoto hao hao na noti moja. Nawaambia, shikeni *do*. Wanashika. Nawaambia hawa pandeni, hawa bakini. Na pale hewani panatokea kitu ambacho hakikuwepo, na mimi najua jina lake, na najua kinachofuata, na kinachofuata baada ya hicho.

Sirudi la tatu.

Tatizo ni mvua. Upande wetu huu wa mlima mvua inajua ratiba. Kipindi cha mwisho ndicho chake. Ikishuka kwenye bati, unamwona mtoto anafungua mdomo na sauti yake huisikii, naye hajisikii. Jumatano ya kwanza nilifundisha kwa mikono. Jumatano ya pili hivyo hivyo.

Nikamfuata mwalimu wa michezo. Nikamwomba mchakamchaka wa asubuhi, niufundishie kuimba.


6.

JINSI WIMBO ULIVYOGAWIWA
(hakuna aliyeuandika, walikimbia nao tu)

Sauti ya kwanza inaanza . . . . . . . . getini

Sauti ya pili inaingia . . . . . . . . . . . kibao cha zahanati

Sauti ya tatu inaingia . . . . . . . . . . . . . . kona ya mashine

Sauti ya nne inaingia . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . darajani

Pumzi: mguu wa kushoto ukigusa.


7.

(Sisi. Wote.)

Nani kaamka?

     sisi

Nani kaamka kabla ya jua?

     sisi     sisi

na umande umepanda mpaka magotini na mtu amepoteza kandambili na harudi kuichukua kwa sababu zahanati imeshafika     sauti ya pili     ingieni     tumeingia     jua litukute njiani     litukute tumefika     kona     KONA     na sasa barabara inashuka yenyewe na miguu haiombi ruhusa na wale wavulana wakubwa wa la saba wa nyuma wananyamaza     wananyamaza     wananyamaza mpaka mbao za daraja zilie chini yao

halafu

(huwezi kuelewa kama hujawahi kuwa katikati)


8.

Mimi nilikuwa naacha mwiko.

Uji ukaungua siku moja chini, wakanywa hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika. Mama mmoja anayeuza ndizi njia panda aliniambia sasa anapanga mikungu yake kwa kuwasikiliza: wakifika kona, anajua bado kidogo. Mwalimu Mwambene naye alianza kufika mapema. Anasema ni kwa ajili ya kusahihisha madaftari. Anasahihishia nje, amesimama.

— Wanaimba vizuri, Mwalimu, nikamwambia.

— Wanakimbia vizuri, akanijibu. Kwenye kuimba sijui. Si somo langu.

Nikacheka. Naye akacheka, lakini hakuingia ndani.

Tulikuwa na uhakika. Nyosi alipiga pasi sketi yake siku mbili kabla, akaitundika mahali ambapo mtu yeyote akiingia nyumbani lazima aione.


9.

MASHARTI YA MASHINDANO YA KWAYA ZA SHULE ZA MSINGI, NGAZI YA KATA

(a) Kila kwaya itaimba wimbo mmoja.
(b) Kwaya itasimama jukwaani kwa utulivu.
(c) Uamuzi wa waamuzi ni wa mwisho.

Soma (b) tena.

Sisi hatukusoma. Yaani tulisoma, tukaona ni maneno ya kawaida. Kusimama! Nani atamfundisha mtoto kusimama?


10.

Ukumbi wa kata. Viti vya plastiki, kimoja changu. Waamuzi watatu mezani, katikati Bi Sekela, mama mnene mwenye miwani, mwalimu wa muziki mstaafu, ambaye kabla hujaanza ameshakuandikia kitu.

Kasangilo wamepanda. Mistari mitatu. Soksi zote juu.

Mwalimu Lugano ametoa sauti. Nyosi ameanza:

*Nani kaamka?*

Sauti ya kwanza wameingia. Lakini wameingia wakihema, kama watu waliosimamishwa ghafla. Pumzi hawajui waivutie wapi. Sauti ya pili wanaangaliana. Wa pembeni ameingia, mwenzake hajaingia, wa tatu ameingia kwa kumhurumia wa kwanza. Sauti ya tatu

Sauti ya nne


.


Nyuma yangu mtu akasema, "Hawa nao wametoka wapi?"

Mwalimu Lugano alikuwa amenyoosha mkono hewani, na mkono ule haukujua pa kwenda.


11.

(Gwamaka, la saba, kiongozi wa sauti ya nne)

Msiniulize mimi. Nilikuwa nasubiri daraja.

Daraja halikufika.


12.

Nilikuwa namtazama Nyosi. Mimi nimemlea yule, najua akikaribia kulia kidevu kinafanyaje.

Hakikufanya.

Alitazama chini. Akatazama viatu vyake kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha nyumbani.

Kushoto.

Kulia.

Kushoto.

Jukwaa ni la mbao. Likaitika. Wa pembeni yake wakaanza, halafu mstari wote, halafu yote mitatu, wanakimbia na hawaendi popote, soksi zinashuka, na pumzi zikarudi, jamani, niliziona zinarudi vifuani kama kuku jioni. Na Nyosi, huku anaimba, akapaza sauti juu ya wimbo:

— ZAHANATI!

Sauti ya pili wakaingia wote kwa pamoja.

— KONA!

Sauti ya tatu.

Ukumbi mzima umesimama. Mwamuzi mmoja ameshika glasi yake isianguke.

— Gwamaka! DARAJA!

.

.

Sitakuelezea. Muulize aliyekuwepo.


13.

KARATASI YA WAAMUZI
Shule: Kasangilo

Mwamuzi wa kwanza: *Wimbo umekatizwa kwa majina ya mahali. Sharti (b) halikuzingatiwa. Sifuri kwa utulivu.*

Mwamuzi wa pili: *Sauti ya nne nzuri mno. Lakini hii ni kwaya au ngoma? Naomba mwongozo.*

Mwamuzi mkuu, Bi Sekela: *?*


14.

Kwaya ya kwanza ya kwenda wilayani ilitajwa, watu wakapiga makofi. Ya pili haikutajwa. Waamuzi walikuwa wanabishana, na meza yao haikuwa mbali.

— Masharti ni masharti, Bi Sekela. Tukiwaruhusu hawa, mwakani watakuja wanaruka kamba.

— Mimi nataka kujua kwa nini yule mtoto ametaja zahanati.

— Utoto tu.

— Utoto haupangi sauti nne.

Mwalimu Lugano alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa chini. Nyosi amekaa karibu naye, amemwachia nafasi ya mtu mmoja katikati, kama adabu. Hakuna aliyekwenda kwa waamuzi. Anayefundisha muziki hakwenda. Mkuu hakwenda.

Aliyekwenda ni Mwalimu Mwambene.

— Samahani, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wao wa muziki?

— Hapana. Mimi ndiye ninayekitaka kipindi chao.

Bi Sekela akavua miwani.

— Wakishindwa leo, Mwambene akaendelea, Jumatano inakuwa yangu. Naihitaji, sikufichi. Ila sitaki kuipata hivi. Hawa watoto hawajakosea wimbo. Wamefundishwa barabarani, wakikimbia, kwa sababu shuleni kwetu mvua haituachii nafasi. Kila sauti ina mahali pake pa kuingilia. Mmewapa jukwaa ambalo halina kona.

— Wewe umejuaje? Si somo lako.

— Nasahihishia nje, mama.

Mwamuzi wa kwanza akaguna. Wa pili akatazama dari.

Bi Sekela alikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba.

— Siwezi kutoa alama kwa kitu nilichokiona nusu, akasema. Barabara yenu inaanzia wapi?


15.

TANGAZO

Kesho mchakamchaka utakuwa na mgeni. Wanafunzi wawe nadhifu.

Jina la kwaya ya pili litatolewa na Mwamuzi Mkuu baada ya mchakamchaka huo. Kuhusu kipindi cha Jumatano, walimu wawe na subira.

Mwalimu Mkuu


16.

Alfajiri. Ukungu mpaka mlangoni pa jiko.

Bi Sekela alifika na kitenge kiunoni na raba za mwanawe. Karatasi mkononi, kalamu sikioni. Akasema atatembea pembeni, atasikiliza, ataandika.

— Mama, Nyosi akamwambia, kwa heshima zote, ukitembea hutasikia. Utaachwa zahanati.

— Mtoto wewe, unajua nina umri gani?

— Sijui, mama. Lakini mstari wa kati una nafasi.

Watoto wakacheka, wakajibana mdomo. Mwalimu Lugano akafungua mdomo kuomba radhi na Bi Sekela akamwinulia kidole. Akautazama ule mstari wa kati kwa muda.

Akaja dirishani kwangu.

— Shika hii, binti.

Karatasi. Kalamu pia.

Lugano akatoa sauti, ndogo, ya puani. Leo mkono wake ulijua pa kwenda. Nyosi akauliza nani kaamka, wakamjibu, geti likafunguka, wakatoka: wadogo, wakubwa, na katikati yao mama mnene anayeshika kitenge chake kwa mikono miwili na kusema oh, oh, oh, kisha hasemi tena *oh*, kisha anasema *sisi*.

Zahanati.

Kona.

Ukungu ukawachukua. Zikabaki sauti, tatu, zinashuka.

Mwalimu Mwambene ameingia jikoni, amesimama nami dirishani, daftari la mtu kwapani, kalamu nyekundu haijafunguliwa.

— Ameandika nini? akaniuliza.

— Hajaandika, Mwalimu. Kaniachia tupu.

— Hata kidogo?

— Ukitaka nikuonyeshe, hii hapa. Halafu Mwalimu, kama wakipita, hiyo Jumatano yako uta

— Nyamaza kwanza, dada Tuse, akasema, na akatoa kichwa nje, kwenye ukungu. Daraja. Hapo hapo.