Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Lamadi nyumba zote zinatazama barabara. Hakuna sheria inayosema hivyo, ila mtu akijenga, mlango wake wa mbele lazima uione barabara kuu ya kwenda Musoma, ili abiria wa mabasi wajue kuwa humo ndani mna watu wa maana. Basi nyumba ya Milembe ilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, na kila mtu akaona kwamba imeipa barabara mgongo na kulitazama ziwa, watu walipata cha kusema. Wengine walisema nyumba imenuna. Muuza vocha mmoja alimuuliza kwa upole kama fundi alishika ramani kichwa chini.

Ramani ilishikwa vizuri tu. Milembe alikuwa mwanamke wa samaki, miaka kumi na tisa akianika dagaa na kubanika sangara, na kwenye kiwanja kile alikuwa ameanika dagaa misimu miwili kabla ya kuchimba msingi. Alijua kwamba kuanzia saa saba mchana upepo hupanda kutoka ziwani, na kwamba dagaa walioanikwa karibu na ule mwarobaini hukauka kabla ya wenzao wote. Hapo ndipo alipotaka madirisha makubwa. Na kwa kuwa jua la alasiri nalo hutokea upande huohuo, alitaka baraza pana, hatua nne nzima, upepo upite na jua libaki nje. Kuta ziwe nene, za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati liwe jeupe. Kisha upande wa barabara, juu kabisa karibu na dari, iwepo safu ya matundu ya kutolea joto. Hayo matundu aliyasemea mara tatu, maana tanuri la samaki lilishamfundisha kwamba hewa isiyo na pa kutokea haina haja ya kuingia.

Fundi wake, Ngeleja, alikuwa mzee wa miaka sitini aliyejenga nusu ya mji na hakuwahi kuambiwa na mtu dirisha likae wapi. Alimsikiliza, akajikuna shingo, akajenga. Alikuwa fundi safi kuliko wote; ukuta wake ungeweza kuupitishia kiganja kama shuka iliyopigwa pasi.

Umaridadi haukuwa na nafasi katika mambo yote hayo. Nyumba ilikuwa ya kumpata mama yake. Mayu Ng'washi aliishi peke yake Dutwa, katika nyumba ya majani aliyoiezeka upya kila baada ya misimu kadhaa. Masika yaliyopita, akiwa na miaka sabini na sita, alipanda ngazi na mzigo wa majani, akaanguka, na tangu hapo goti lake moja halikunjiki sawasawa. Milembe alishamwomba ahamie kwake. Mama alikuja mara moja tu, enzi za chumba cha kupanga kule stendi, bati tupu bila dari. Alilala siku tatu sakafuni kizingitini, kichwa nje, miguu ndani. Siku ya nne alisema nyumba za bati zinapika watu, akapanda basi. Mwaka huu alikuwa ameshakata majani mapya, matita kumi na mawili, yamesimama ukutani yakisubiri mtu wa kupanda ngazi. Milembe alikuwa akiyaota matita hayo, na kila alipoyaota mama yake alikuwa juu ya ngazi.

Mama alikubali kuja kuitazama nyumba. Kuitazama tu, alisema, na majani yakae yalipo.

Alifika Jumanne, saa sita, na kifurushi kidogo cha mtu asiyekusudia kukaa. Ngeleja alikuwepo, akimalizia ngazi ya baraza. Aliinama kidogo kwa heshima, akamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, bhabha. Wewe ndiye uliyejenga?"

"Ni mimi, mayu. Karibu ndani."

Mama alizunguka vyumba vyote, akagusa kuta, akasifia sakafu. Kisha aliketi sebuleni kwenye kigoda chake, kwa kuwa viti vya sofa alivitilia shaka. Milembe alimletea maji na kuketi mbele yake kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani. Saa saba ikapita. Mama alijipangusa shingo kwa kitenge. Baadaye kidogo alijipangusa tena. Ilipokaribia saa nane alisimama taratibu, akakibeba kigoda chake, akatoka kwenda kukaa barazani.

"Nyumba yako nzuri sana, mwanangu," alisema kutoka nje. "Nitalala leo. Kesho nirudi, yale majani mvua isiyakute chini."

Moyo wa Milembe ulimshuka hadi kwenye kandambili. Alibaki sebuleni peke yake, akilisikia joto limemkalia mabegani, asielewe. Nje nyavu za majirani zilikuwa zinapepea, na kitenge cha mama kilikuwa kinapepea. Mapazia yake mapya, dirishani kabisa upande wa ziwa, yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Upepo ulifika mpaka dirishani ukagoma kuingia. Hapo akakumbuka tanuri.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda upande wa barabara, akainua macho. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, bila tundu hata moja. Siku mbili nzima tangu aliporudi kutoka kununua dagaa Kalemela, mchana kutwa akiwa nje kuwaanika, alikuwa akiupita ukuta ule na kusifia rangi.

"Fundi," aliita. Ngeleja alikuja na mwiko mkononi. "Matundu yangu yako wapi?"

Mzee alitazama juu, akatazama mwiko. "Niliyaziba."

"Kwa nini?"

"Ulipokwenda Kalemela, vile vidudu vya ziwani vilikuja. Unavijua, vinakuja kama moshi. Vilipitia mle, vikajaa darini, vikafia kwenye rangi mbichi. Nikasema, mama yake anakuja, atakuta nyumba ya Ngeleja imejaa mizoga. Nikaziba, nikapiga plasta, nikapaka rangi. Nilitaka iwe safi."

Milembe alikasirika, na hasira ile ilimpanda mpaka masikioni. Angekuwa mwizi angemtukana. Lakini huyu alikuwa mtu mzima aliyeshinda juu ya ngazi siku nzima kwa ajili ya heshima ya mama wa mwenzake, na humo kwenye hasira hakuona pa kumshika.

"Madirishani uliweka wavu wa mbu," alisema hatimaye. "Kipande kilibaki?"

Ngeleja aliushusha mwiko. "Kilibaki," alisema. "Kiko stoo. Wavu sikuuwaza kabisa."

Hakungoja kuambiwa zaidi. Alileta ngazi, nyundo na tindo, akaanza kuuvunja ukuta wake safi kwa mikono yake mwenyewe, na mtu aliyemjua angeona kwamba kila pigo lilimuuma. Milembe alishika ngazi. Chokaa ilimmwagikia nyweleni, hakujali. Tundu la nne lilipofunguka alisikia kitu ndani ya nyumba, sauti ndogo ya kitambaa. Alichungulia kwa mlango wa nyuma. Pazia lilikuwa limenyanyuka, likashuka, likanyanyuka tena.

Mama aliingia kuchukua kifurushi chake. Alisimama katikati ya sebule, akatulia, akageuza uso kuelekea dirishani. Alitoka, akarudi na kigoda.

Jumatano hakuzungumzia basi, na Milembe hakuthubutu kumkumbusha. Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa kali hata mbwa wa jirani wamekwenda kujificha, Milembe alikuwa barazani akipembua dagaa aliposikia mama yake sebuleni akiomba simu kwa Ngeleja, aliyekuwa akibandika wavu kwenye tundu la mwisho. Alitaka kumpigia Mayige, jirani yake wa Dutwa. Aliongea kwa sauti kubwa, kama kawaida yake, kana kwamba simu ilikuwa kiziwi.

"Mayige, yale majani yangu yaliyosimama ukutani. Eeh, yote kumi na mawili. Yachukue, uezekee banda la ndama wako. Na ngazi nayo chukua."

Milembe aliacha mikono yake ndani ya ungo. Alilia kimyakimya, dagaa wakiwa vidoleni, asiweze hata kujifuta.