Kuupiga Moyo Picha

Mstari wa kijani uliruka kwenye kioo kama panzi aliyetupiwa jiwe. Mapigo tisini na mawili. Kamanda alisonya.

Hilo ndilo jina alilopewa mpiga picha huyu wa mionzi, kwa sababu sauti yake ilisimamisha korido nzima ya hospitali. Mbele yake, nyuma ya dirisha zito, binti mwembamba kama njiti alikuwa amelala ndani ya pete ya mashine.

Binti alizaliwa na mshipa wa moyo uliopita pabaya. Angepigwa picha leo, mwakani, na miaka mingi mbele, na mionzi ya kila safari ingejumlishana mwilini mwake. Kwa hiyo Kamanda aliipunguza hadi theluthi ya kawaida. Kwa umbo lile ilitosha, ila mashine ingemulika mara moja tu, pale moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, picha inaingia ukungu. Kurudia ni kumchoma mara mbili.

"Rudisha mionzi yote, tumalize," alisema daktari wa moyo aliyesimama kando yake. "Dawa ya kupunguza mapigo ameshameza, na bado moyo unakimbia."

"Tujaribu pumzi kwanza."

"Haya. Mara ya mwisho."

Kamanda akainamia kipaza sauti. "VUTA PUMZI! USIPUMUE!"

Mapigo yakapanda hadi mia na nne.

"Hata mimi umenishtua," daktari akacheka.

Kamanda hakucheka. Alinyamaza, macho kwenye mstari. Ukimya ulipokaa, mapigo yakashuka. Kumbe ni sauti yake! Miaka yote alilaumu mashine. Akatoka hadi kwenye benchi alipokaa shangazi wa binti, fundi cherehani, tepu ikiwa bado shingoni.

"Shangazi, njoo."

"Amekufa?"

"Hajafa. Ananiogopa."

"Hata mimi nakuogopa, baba. Unaongea kama unafukuza mbwa."

Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonyesha kitufe cha kipaza sauti. Mama yule akakohoa kidogo.

"We mvivu, umelala? Ni mimi. Jifanye nakupima gauni, pini zote ziko kwapani. Ukitikisika, shauri yako."

Kule ndani mabega yakatikisika kwa kicheko, kisha yakalegea. Themanini. Sabini. Sitini na mbili.

"Picha isipotoka?" daktari alinong'ona.

"Itatoka."

Kamanda akamgusa shangazi begani.

"Vuta pumzi, mama. Ishike hapo hapo," shangazi akasema kwenye kipaza sauti.

Kamanda akabonyeza kitufe cha mashine. Pete ikavuma, ikanyamaza.

"Haya, pumua."

Picha ikajitokeza ina chengachenga kidogo, kama ukuta uliopigwa lipu, lakini kingo za mshipa zilikuwa kali kama zimekatwa kwa mkasi. Daktari akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Unabanwa hapa," alisema, tayari ameshika simu. "Mwambieni mpasuaji tumeuona."

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mzee aliyekuja peke yake. Kamanda alimfunika shuka, akaona mapigo yanakimbia, akaacha kipaza sauti kilipokuwa.

"Mzee, ukiwa na wasiwasi, nani hukutuliza?"

"Mke wangu. Alishatangulia."

Kamanda akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake.

"Alikuwa anakuambiaje?"