Kitambaa Cheupe

Mbwana alilazwa juu ya magunia mawili, kichwa kivulini mwa mkorosho na miguu juani, kwa kuwa kivuli chote kilikwisha jaa watu. Mkewe, Esha, alichutama kando yake akimpepea kwa upindo wa leso. Ilikuwa siku ya pili tangu ardhi itetemeke. Alhamisi alfajiri, watu wakitia udhu, nchi ilitikisika, na laini zote tatu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge zikalala chini. Nyumba ya meneja haikupata hata ufa. Ile ilijengwa kwa saruji. Laini zilijengwa kwa mawe na udongo, na waliolala ndani walilijua hilo vizuri, maana wao ndio waliozijenga.

Watu kumi na saba walikuwa wamekwisha zikwa. Mbwana aliangukiwa na ukuta tumboni. Walipomfukua hakuwa na tone la damu, ngozi haikuchanika popote, ila uso wake ulikuwa umepauka na midomo imemkauka. Kila akinywa maji aliyatapika.

Ijumaa adhuhuri yakaja malori mawili kutoka Mombasa, yamevuka Likoni kwa kivuko. Ndani yake mlikuwa na madaktari watano, Wazungu watatu na Wahindi wawili. Tusiwadhulumu, walikuwa watu wema. Hakuna aliyewaamuru waje wala aliyewalipa. Walifunga zahanati zao mjini wakaja na mahema, dawa na bendeji, na katika siku mbili sidhani kama hata mmoja alilala saa tatu. Wanawake wazee waliwapokea kwa machozi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakasema, na walisema kwa moyo wao wote.

Shida ilikuwa lugha. Waliyoijua ni "lete maji" na "pole pole." Basi wakapewa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, Nzai, mtu wa huko bara upande wa Samburu aliyekaa pwani miaka kumi na miwili, awe mdomo wao. Meneja mwenyewe alifuatana nao kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, na nyuma yake karani Charo akiwa na orodha ya wafanyakazi. Mpango ulikuwa mwepesi. Atakayefungwa kitambaa chekundu mkononi aingie hemani sasa hivi. Wa njano angoje zamu. Wa cheupe ni mzima, na Charo aliandika mbele ya nambari yake: kazini Jumatatu. Mkonge uliokatwa ulikuwa unaoza, na meneja hakulificha hilo.

Kabla hawajafika kwa Mbwana, Nzai alikuwa amekwisha karipiwa mara mbili kwa kuongeza maneno.

"Wewe sema yeye nasema nini," meneja alimwambia mbele ya watu wote. "Maneno yako weka mfukoni. Kama nataka daktari mwingine, mimi taandika barua."

Daktari aliyemjia Mbwana alikuwa kijana mwenye miwani, shati limegandana na damu za watu. Akapiga goti moja, akamshika mkono kusikiliza mshipa, akasema neno.

"Daktari akuuliza, u hali gani?" Nzai akatafsiri.

Basi, Mbwana alizaliwa Msambweni akalelewa na baba aliyejua watu. Mgeni aliyevuka maji kukujia humtupii taabu zako hajapata hata pa kukaa. Alijiinua kwa kiwiko, jasho likimtiririka, akaweka mkono wa kulia kifuani.

"Alhamdulillahi, sijambo," akasema. "Nanyi poleni kwa safari. Mwafika salama?"

Kila mtu chini ya mkorosho ule alijua kinachofuata. Mgeni atajibu kuwa amefika salama, atauliza nyumbani na watoto, kisha atasema, "Na hii taabu je?" Hapo ndipo Mbwana angesema. Ndivyo watu walivyo pwani, hata aliyeshikwa na mauti: salamu kwanza, shida baadaye. Nzai naye alijua. Alifungua kinywa, akamtazama meneja, akakifunga. Kisha akatafsiri neno kwa neno, sijambo na pole ya safari, hakuongeza hata nukta.

Daktari akatabasamu. Masikini, tangu afike hakuwa amekutana na mtu mwenye habari njema. Akampigapiga Mbwana begani, akamfunga kitambaa cheupe, akainuka. Esha midomo ilimcheza. Lakini mumewe alikwisha sema, na mke hamkati mumewe maneno mbele ya wanaume wageni. Akainamisha uso.

"Wamekwenda?" Mbwana akauliza, macho ameyafumba.

"Wamekwenda."

"Mbona sijamwambia?"

Usiku kucha alisaga meno. Jumamosi asubuhi tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ubao, na mkojo alioutoa ndani ya kopo ulikuwa mwekundu. Esha alilichukua kopo lile mkononi, wazi, mbele za watu, akenda nalo hadi kwenye kamba iliyozungushwa hema.

"Cheupe haingii hapa," askari akamwambia.

"Hujambo, mwanangu. Tazama ndani ya kopo."

"Mimi natazama kitambaa, mama. Kopo si kazi yangu."

Alisimama pale hadi jua likawa la utosi. Nzai alipotoka kumwaga beseni, Esha akamshika mkono.

"Nzai, mwanangu, wewe ulimsikia. Wajua kuwa ile ilikuwa salamu."

"Najua, mama."

"Basi kamwambie daktari."

Nzai akatazama kopo, akatazama upande wa ofisi. Alikuwa na watoto sita huko kwao, tusimlaumu upesi. Akaingia hemani na daktari wa miwani akatoka naye, glavu mkononi, macho mekundu. Alipoliona kopo uso ukambadilika. Akapiga hatua kuelekea kwenye mkorosho, na hapo meneja akamwita. Walisemezana kwa Kiingereza. Esha hakuelewa neno, lakini alimwona meneja akiwaonyesha kwa fimbo watu waliojipanga kwenye kamba, wote vitambaa vyeupe mkononi, na kila mmoja na lake.

"Anasema nini?" Esha akauliza.

"Anasema wote hawa wanakimbia kazi ya Jumatatu," Nzai akanong'ona. "Ukimbadilishia mmoja, utawabadilishia mia. Na huyu alisema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa hajambo, imeandikwa."

"Na daktari?"

"Daktari asema ana mtu mezani, tumbo liko wazi. Akimaliza huyo na wawili wanaomfuata, atakuja. Ameapa."

Na kweli alikuja. Alikuja mbio baada ya alasiri, mkoba mkononi, Nzai nyuma yake. Mbwana alikuwa amekufa tangu adhana. Daktari aligusa lile tumbo kwa vidole, mara moja tu, akajua. Akakaa chini kwenye vumbi, akavua miwani, akalia kama mtu aliyefiwa, na wanawake wakamhurumia wakamwambia pole. Akauliza jambo kwa sauti ya kukwama.

"Asema, kwa nini hakumwambia," Nzai akatafsiri.

"Mjibu," Esha akasema. "Mwambie yeye ndiye hakungoja. Angengoja kidogo tu! Angemwuliza hata mara ya pili!"

Nzai alisimama. Meneja hakuwapo, hakukuwa na wa kumkaripia. Lakini hakumwambia daktari neno. Alimwinua tu kwa kwapa akamrudisha hemani, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wangali wanangoja.

Walimzika Mbwana magharibi ileile. Jumapili madaktari walikunja mahema yao. Yule wa miwani alimwachia Esha blanketi jipya na kumwinamia kichwa. Orodha aliyoitia sahihi Ijumaa ilikuwa imekwisha pelekwa ofisini, na malori yalikuwa yakiwahi kivuko.

Esha alikaa eda palepale chini ya mkorosho, nyuma ya pazia la magunia, maana nyumba ya kukalia eda ilikuwa kifusi. Jumatatu, kabla jua halijachomoza, kengele ikagongwa. Watu wakapanga mistari hatua ishirini kutoka alipo. Nyapara Rai akasimama mbele, Charo akafungua orodha, wakaanza kuita.

"Mia mbili na kumi na mbili. Mbwana wa Chirau."

Rai akapaza sauti.

"Mia mbili na kumi na mbili!"

Mjane wa siku mbili hatoki nje, wala sauti yake haisikiki na wanaume asiowajua. Esha alilijua hilo kuliko jina lake. Akalisukuma pazia, akatoka kichwa wazi, leso ikiburutika nyuma yake.

"Amekufa!" akapiga kelele. "Mume wangu amekufa Jumamosi, mmemzika nyinyi wenyewe! Wewe Rai, si ulishika jeneza?"

Mistari ilitikisika. Wengine wakageuza uso wasimwone. Rai akakohoa.

"Nilishika, mama. Mola amrehemu."

"Basi mwambie aandike."

Charo akapitisha kidole kwenye karatasi, taratibu, akarudia tena. Hakuwa mtu mbaya. "Orodha ya waliokufa ina watu kumi na saba, mama, na imefungwa," akasema. "Hapa daktari ametia sahihi kuwa huyu ni mzima. Mimi siwezi kuandika juu ya sahihi ya daktari."

"Nzai!" Esha akaita. "Sema, Nzai! Ulikuwapo!"

Nzai alikuwa mlangoni mwa zahanati, na meneja amesimama kando yake na kikombe cha chai. Watu wote wakageuka kumtazama. Nzai akatazama chini.

"Mimi hutafsiri tu, mama," akasema.

Meneja akaangalia saa yake. Rai akaita jina mara ya tatu, kama kanuni ya shamba inavyotaka, akangoja kitambo. Kisha Charo akalowesha kalamu ulimini, akaandika: mtoro. Rai akaita mia mbili na kumi na tatu.